Niliyasema Redioni, Kumbe Kambi Nzima Inasikiliza

Jina langu lificheni, maana Mji wa Kale una masikio. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, niliachwa bila mtoto, na tangu mama afariki naishi peke yangu ghorofani. Kazi yangu ni katika ofisi ndogo ya watalii. Huu mwaka wa tatu tunapeleka wageni kwenye kambi moja ya jangwani, kaskazini mbali, inayoendeshwa na wenyeji wenyewe. Huko hakuna simu. Kila asubuhi saa nne nazungumza kwa redio ya mawasiliano na msimamizi wao, nimwite Adan, aliyefiwa na mkewe. Nampa majina ya wageni, ananipa hali ya barabara.

Mtanicheka, lakini sauti yake ndiyo pekee iliyokuwa ikiniamkia. Jioni natembea ufukweni, Mama Ngina, nanunua muhogo wa mtu mmoja, narudi, nalala.

Mvua zilipoanza, wageni wakakatika. Adan akaniuliza, "Na wewe mwenyewe uko namna gani?" Tangu mazishi hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikafunguka. Nikamwambia bado napakua sahani mbili, moja ya mama. Nikamwambia Idi ilipita hakuna aliyebisha hodi. Mwisho nikasema, wallahi sijui ujasiri ule niliutoa wapi, "Ungekuwa karibu, ningekuomba unioe."

Kisha nikasikia mzee akikohoa, na wanawake wakicheka.

Kumbe kambi ni ya wote, na redio waliinunua kwa mbuzi wa kila boma. Inawekwa uwanjani, na ikifika saa nne mwenye nafasi huja kusikiliza habari za wageni wake. Mimi miaka yote nilidhani Adan yuko ndani ya chumba chenye mlango, kama changu. Wala hakunificha, kwao hilo si jambo la kuambiwa mtu.

Tangu siku ile hashiki redio. Wengine wananisalimu kwa zamu, wananiita shemeji. Naona aibu. Juzi akaja redioni bibi mmoja mzee: "Binti, mimi ni mama wa marehemu mkewe. Adan anakuja kila siku, anakaa nyuma, anasikiliza tu. Kwetu mwanamume hataji ndoa mbele ya mama mkwe, na mimi siondoki hapa, redio ni yangu pia. Basi nakuambia mimi. Njoo."

Shangazi yangu wa Malindi ameniambia, "Waenda jangwani kufanyani, mwanangu? Na mwenyewe hajanena." Ana haki. Sijamwona Adan hata kwa picha. Lakini kila saa nne nikibonyeza kile kitufe, najua amekaa nyuma ya watu wote, ananisikiliza.

Nishaurini, ndugu zangu. Nimwambie naja, au niendelee kumwambia wageni hakuna?