Galaksi Isiyokubali Kukauka

Bi Udongo, binti wa mfinyanzi, mjukuu wa mfinyanzi. Aliyeutengenezea mtaa mzima mitungi ndoo za plastiki zikiwa bado hazijazaliwa. Aliyejijengea tanuri kwa mikono yake mwenyewe huku mimba ikiwa ya kujifungua wakati wowote: huyo ndiye aliyeketi uani asubuhi ile, akitazama ufa katika umbo la udongo alilolifinyanga.

Kazi aliletewa na mwalimu wa shule ya wasioona. Wanafunzi walikuwa wakisoma habari za anga, naye akawaahidi galaksi ya kushika kwa mikono.

"Ni kundi la nyota, Bi, mabilioni. Liko mbali mno. Mwanga wake umesafiri mamilioni ya miaka mpaka kutufikia. Umbo lake kama punje ya dengu: katikati limetuna, pembeni limekonda. Mikono ya kujipinda, kama ya wenzake, halina. Nyota zake nyingi ni kuukuu, za manjano ya kuelekea wekundu, na mpya ni nadra kuzaliwa."

"Kumbe amekoma kuzaa? Basi rika langu huyo. Niachie."

Tangu azaliwe Bi Udongo hajawahi kurudisha kazi ya mtu. Lakini udongo una tabia zake: pembamba hukauka upesi, panene hujikokota, na panapokutana hupasuka. Alilifunika umbo kwa kitambaa kibichi, akalihamishia kivulini, akalibembeleza kama mgonjwa. Wapi! Likapasuka, na lililofuata vilevile.

"Mama, si ulikombe tumbo kwa chini?" mke wa mwanawe akamwuliza. "Liwe na uwazi, likauke sawasawa."

"Watoto watalipapasa chini, waseme galaksi ni kifuniko cha chungu. Asiyeona nimdanganye na mimi?"

Akaanza upya. Safari hii hata kukauka hakukufikiwa. Vidole vilimtetemeka, ukingo ukamomonyoka. Akaubana; ukamomonyoka tena. Aliukaripia mkono wake kwa sauti, mkono uliomlisha yeye na wanawe, nao ukazidi kutetemeka.

"Pumzika kidogo, mama."

"Nikipumzika, mkono utatulia?"

Mwalimu alikuwa anakuja kesho yake kuona kazi ilipofikia.

Bi Udongo akalisukuma bonge la udongo kwa mkwe wake.

"Keti hapa. Kanda mpaka pumzi yote iutoke udongo. Tumbo lijae, ukingo uwe mwembamba kama sikio la mtoto. Litapasuka, nakwambia mapema, na dawa yake siijui. Likipasuka, finyanga jingine."