Kinachobisha Katika Taya la Apua

Niliondoka Lodwar kwa sababu ya mlio. Wenzetu wa zahanati ya Kakuma walipiga simu kwamba huko Kalobeyei kuna mjane aitwaye Apua. Kila akitafuna, kitu hubisha karibu na sikio lake, na walioketi naye hukisikia. Wakwe walisema ni marehemu mumewe. Nisipopata jibu, Jumamosi angetolewa bomani, na watoto wake wangebaki. Mimi ndiye mwenye mashine ya kupima mitetemo ya kiungo cha taya, na mizimu siiamini. Angalau mchana.

Saa mbili asubuhi tulikuwa njiani. Upepo wa mchanga ulifuta barabara mbele yetu, na dereva akazima redio bila kuombwa. Kakuma nilichukua boda boda.

Kalobeyei, saa sita. Wifi yake Apua, Nakiru, alinipokea uani.

"Ejok," alinisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok," nikajibu.

"Daktari, hii kitu iko ndani ya kichwa yake. Inabisha kama mtu."

Apua alikuwa amekonda kwa kuogopa kula mbele za watu. Alifungua mdomo. Tak! Nywele zilinisimama.

Nilimvika utepe wa kichwani wenye vipokezi viwili, kimoja mbele ya kila sikio. Nikapima kwa rula mdomo wake unavyofunguka, nikaingiza kipimo kwenye kompyuta. Ulikuwa upana ambao sijawahi kuuona kwa binadamu, nami nikalisema hilo kwa sauti.

"Si nilisema!" Nakiru akarudi nyuma, mdomo wazi.

Nikamgeukia. Kisha nikaona kinywani mwa Nakiru kile ambacho nilipaswa kukiona kwa Apua: meno mawili ya mbele ya chini hayapo, yaling'olewa utotoni kwa desturi. Nilikuwa nimepimia kwenye pengo, toka meno ya juu hadi ufizi mtupu. Uzembe wangu ungemfukuza mtu kwake!

Nikapima upya kwenye jino la kando. Kila alipofungua mdomo, wimbi lilichomoza palepale kwenye kompyuta, upande wa kulia.

"Ndani ya kiungo kuna kisahani laini," nikawaambia. "Kimehama. Mdomo ukifunguka, kinarudi mahali pake kwa kishindo. Ni hicho tu."

"Basi akae," Nakiru akasema, akaenda kupika.

Apua alikuwa akinitazama. "Kwa hivyo si yeye?"

"Si yeye, mama."

"Na mimi nilikuwa namjibu."

Jioni nilirudi Lodwar, nikaandika ripoti: kiungo cha kulia, chakula laini, mazoezi ya taya. Nilijifunza kutazama meno kabla ya kushika rula, na kwamba jibu sahihi linaweza kumwacha mtu mpweke. Jambo moja sikuliandika. Nilipokuwa nikikunja nyaya kabla ya kuondoka Kalobeyei, nilimwona Apua nyuma ya nyumba, peke yake, bila chakula, akifungua mdomo polepole. Tak. Akasema kwa sauti ya chini, "Ejok."