Kasha la Bi Mwanabaraka

Badawi seremala wa Kibokoni hakuwa mtu mbaya, na asinidanganye mtu. Haraka ndiyo iliyomponza. Mwaka wa arobaini na saba, vita vimekwisha na vifaa vya jeshi vinapigwa mnada, alijipatia keekee ya stima. Lo, alivyoringa! Tundu lililokuwa likimtoa jasho kwa keekee ya mkono, sasa alilitoboa kabla hajamaliza kupiga chafya.

Shida ilikuwa pa kuiweka. Mashine nzito, waya mrefu, biti thelathini za kutobolea, mawe ya kunolea na chupa ya oili. Akajaribu sanduku la chai la bandarini; kitako kikafunguka, nusura limvunje mguu. Akajaribu la bati. Waya haukuingia ila kwa kukunjwakunjwa, na waya wa stima ukikunjwa sana hukatika. Angeweza kujiundia lake, yeye aliyewaundia nusu ya mji! Lakini kazi za watu zilimbana, na chumbani kwa mamake mlikuwa na kasha la mti wa msaji, pana, la kuenea kila kitu. Mwenyewe, Bi Mwanabaraka, alikuwa Malindi kwa mjukuu mchanga, harudi hadi arubaini.

Basi akazitoa nguo za mamake, akazitia guniani. Chini kabisa akakuta furushi jeupe, akaliacha liwe godoro la mashine. Tangu siku ile, kila akiingia chumbani humo hugeuza uso asilione lile gunia.

Siku mama aliporudi, yuko barazani bado aamkiana na majirani, Badawi alikimbilia ndani kuondoa vitu vyake. Akaona oili imevuja na furushi limelowa. Akalifungua. Ilikuwa sanda ya mamake! Marehemu babake aliitoa Makka, imefuliwa kwa maji ya Zamzam, na kila Ramadhani mama huifukiza udi. Yote hayo aliyajua tangu utoto, vipi yalimpotea?

Akawaza kuificha na kununua nyingine. Akajionea haya mwenyewe, akajiona duni kuliko mwizi, maana mwizi angalau humwibia mtu baki. Mama alipoingia alimkuta amepiga magoti, sanda mikononi.

"Mama, nimekukosea. Nitake radhi kwa lipi, sijui."

Bi Mwanabaraka akalishika doa, akalinusa. "Mashine yenyewe yafanya kazi?"

"Yafanya, mama."

"Basi inuka. Sanda ni kitambaa, tutapata nyingine." Badawi akashusha pumzi. "Na nguo zangu ziko wapi?"

"Nilizitoa, mama. Zimo guniani."

Bi Mwanabaraka akaligeukia gunia. Mjini pale kasha la mtu halitolewi nguo ila akishakufa, tena matanga yamekwisha, na wanawe ndio wazitoao. Akaketi kitandani taratibu, buibui lingali mwilini.

"Hukungoja hata unizike, mwanangu?"