Maksai wa Mzee Bwire na Klachi Iliyogoma

Enzi zetu, mwanaume wa Bukima hakusema "sijui". Ninawaandikia ninyi tuliokua pamoja, mliobeba fagio na kidumu cha maji kwenda shule na kurudi mchana mkinuka jua na dagaa wa kwenye vichanja. Naona siku hizi kwenye makundi yetu ya simu mnaandika kwamba wazee wetu walikuwa na maarifa. Nimelifikiria jambo hilo sana, pengine kupita kiasi, maana tangu nimalize chuo nimekaa hapa Musoma mjini nikisubiri kuitwa kazini na muda wa kufikiri ninao. Sikubaliani nanyi. Walikuwa na sauti kubwa. Maarifa ni kitu kingine, na ushahidi wangu ni kigari cha Bibi.

Bibi Nyangeta, mama yake baba, aliharibikiwa na nyonga nikiwa bado darasa la kwanza. Bodaboda hakuweza kupanda. Mara moja walimpeleka kanisani kwa toroli la kubebea matofali, na aliporudi hakuongea na mtu yeyote mpaka jioni. Ndipo baba mkubwa, aliyekuwa mtunza bustani kwenye hoteli fulani Mwanza, akapata kigari cha gofu ambacho hoteli ilikuwa inakitupa, kile cha kubebea wageni kutoka getini hadi vyumbani. Akakileta nyumbani juu ya lori la mbao. Kilikuwa na paa jeupe, viti vilivyopasuka, na injini ndogo ya petroli chini ya kiti iliyolia kama cherehani. Sisi tulikiita bajaji ya kizungu. Kila Jumapili baba mdogo Magesa alimwendesha Bibi kwenda misa, na sisi tukikimbia nyuma tukisukuma matairi yetu ya baiskeli kwa vijiti, miguu mitupu, vumbi mpaka kwenye kope. Watoto wa leo ukiwaona wanakimbia, ujue simu inakaribia kuzima na wanatafuta chaji.

Mwaka niliopata kipaimara, Askofu alikuwa anakuja parokiani kwetu mwenyewe, na msimamizi wangu alikuwa Bibi. Ndiye aliyenifundisha sala zote huku tukichambua dagaa, akinigonga kichwani kidogo kila niliporuka neno. Msimamizi ndiye anayesimama nyuma yako na kukuwekea mkono begani wakati Askofu anakupaka mafuta. Katekista alishatuonya kwamba asiyekuwa na msimamizi atapangiwa mtu yeyote atakayepatikana. Siku chache kabla ya Jumapili ya kipaimara, kigari kikakataa kwenda. Injini ililia, magurudumu yakatulia.

Ilikuwa klachi, lile duara la chuma linalokaa kwenye shafti ya injini na kuzungusha mkanda unaopeleka nguvu nyuma. Springi yake ilikuwa imevunjika. Baba mkubwa akatuma nyingine kwa basi, ikafika salama, imefungwa kwenye gazeti. Ikabaki kutoa ile ya zamani tu. Baba mdogo Magesa akafungua bolti ya katikati, akashika klachi kwa mikono miwili, akavuta. Haikusogea. Akavuta tena huku akitoa sauti ya mtu anayejifungua. Ilikuwa imeng'ang'ania shafti kana kwamba ilizaliwa nayo.

Hapo ndipo Bukima yote ikageuka kuwa mafundi. Waliitwa wachache, wakaja wote. Kutoka Bunda akaletwa jamaa mmoja aliyejiita Injinia, kwa sababu aliwahi kuosha matrekta. Alikuja na begi kubwa la vifaa, na ndani yake kulikuwa na spana nyingi za saizi moja, pamoja na sahani ya chakula.

"Hii hutokaga yenyewe ukiibembeleza," Injinia akasema, akaipiga nyundo.

"Ndiyo unavyombembeleza mkeo hivyo?" Bibi akamuuliza kutoka barazani.

Aliipiga mpaka ukingo wa klachi ukapinda. Akaja Majura, jirani yetu mvuvi, ambaye injini pekee aliyoijua ni ile ya mtumbwi wake, nayo alikuwa anamlipa mtu aiwashe. Majura akasema chuma kikipata moto kinaachia. Wakachukua jiko la mkaa la Bibi, ugali wa muhogo ukiwa bado haujaiva, wakalisogeza chini ya injini. Kitu kilichoachia ni mpira fulani ndani, ukayeyuka na kudondoka kwenye mkaa. Harufu yake ilikaa kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye mboga.

"Mmeshaipika," Bibi akasema. "Sasa niambieni mtaila na nini."

Mama yangu alipouliza kama si vizuri kumpigia simu baba mkubwa ili aulizie hotelini walikuwa wanaitoaje, Magesa akamjibu bila kugeuka, "Shemeji, wewe kasonge ugali." Nikumbukapo jibu hilo damu inanichemka, maana hata mimi mtoto niliona kwamba swali la mama ndilo lililokuwa swali pekee la maana siku ile. Lakini kumpigia mtu simu kungekuwa kukubali kwamba kuna mtu anayejua. Jambo hilo hawakuwa tayari kulivumilia.

Jumamosi mchana akapita Mzee Bwire na maksai wake wawili, ametoka kulima. Mzee Bwire alikuwa na dawa moja ya kila tatizo. Kisiki, jiwe kisimani, gari la mwalimu mkuu kwenye matope, yote aliyavuta kwa maksai. Akatazama klachi, akacheka.

"Mnaishikashika kama bibi harusi," akasema. "Leteni kamba."

Nanyi mnaosema walikuwa na maarifa, nawaomba msome polepole hapa. Wanaume wazima, wenye wake na mifugo, walifunga kamba kwenye klachi iliyo kwenye injini iliyo kwenye kigari chenye magurudumu manne, wakaifunga ncha nyingine kwenye nira ya ng'ombe, na hakuna aliyeona shida. Bwire akapiga mluzi. Maksai wakaondoka, na kigari kikaondoka nao kinyumenyume, kikakanyaga beseni la Bibi, kikapita katikati ya kuku, Injinia akining'inia kwenye nguzo ya paa, mpaka kwenye mihogo. Wakakizunguka wote kuangalia. Klachi ilikuwa palepale. Wakakitazama kigari kwa uchungu, kama kimewasaliti.

Hawakukoma. Wakakifunga kigari kwenye lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba na kuvuta tena. Safari hii kamba ikakatika, Mzee Bwire akakaa chini kwa kishindo.

"Kamba mbovu," akasema akiwa hapohapo chini.

"Kamba za siku hizi," Majura akaitikia.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko nikihesabu uwezekano wa kila baya, tabia niliyo nayo mpaka leo. Bibi asipokuja, nitapangiwa mama mmoja wa kwaya nisiyemjua. Atakosea bega. Mafuta yatakauka kabla hajalipata. Askofu atauliza huyu ni wa nani. Nilianza kulia, na Magesa akaniambia ninawachanganya mafundi.

Bibi alikuwa ananitazama. Kisha akamwita Bwire.

"Hao ng'ombe wako kesho wana kazi gani?"

"Jumapili hupumzikaga, mama."

"Hawatapumzika. Mmezunguka na kigari changu uwanja mzima halafu mnaniambia hakitembei. Wafungeni mbele. Na mkioshe, mnakwenda kwa Askofu."

Nilitegemea wabishe. Hawakubisha. Wanaume walewale walioshindwa na kipande cha chuma kwa siku nzima waliamka alfajiri, wakaosha kigari, wakafuta masizi, wakafunga nira mbele. Injinia, aliyetakiwa kurudi Bunda tangu jana, alikuwa amelala kwa Majura ili asikose. Magesa akakaa kwenye usukani na kushika breki, Bibi pembeni yake na kitenge kipya, Bwire mbele na fimbo, Majura na Injinia nyuma wakizuia kwenye mteremko. Mimi nilitembea pembeni na gauni langu jeupe. Barabara ya kwetu ni nyembamba, na kabla hatujafika kanisani gari la Askofu likatukuta kwa nyuma. Halikuweza kupita. Likatufuata taratibu kwa mwendo wa ng'ombe, kwaya mlangoni ikadhani haya ndiyo mapokezi, ikaanza kuimba Bibi alipotokea. Aliwapungia mkono bila haya yoyote.

Walimbeba na kiti mpaka nyuma yangu. Kusimama hakuweza, kwa hiyo Askofu aliponifikia nilikunja magoti kidogo ili bega langu limfikie. Nikausikia mkono wa Bibi ukitua, mzito, una harufu ya dagaa hata baada ya sabuni.

Bibi alishafariki. Klachi haikutoka kamwe. Kigari kiko nyuma ya nyumba na kuku wanataga kwenye viti. Juzijuzi nimeona video ya mtu akitoa klachi ya namna hiyo: bolti ndefu ya saizi yake, anaikaza taratibu kwenye tundu la katikati, klachi inachomoka huku anaongea na mkewe. Nikafunga simu kwa hasira. Bolti moja. Nawadharau wale wanaume mpaka leo, na sitafuti sababu ya kuacha.

Ila mwaka jana mdogo wetu wa ukoo, binti wa Magesa huyohuyo, alipata kipaimara. Bibi yake mzaa mama, aliyekuwa awe msimamizi wake, naye hawezi kutembea. Vijana wa nyumba wakasema hakuna haja ya kumsumbua, ataonyeshwa kwenye simu. Msimamizi wakamtafuta mwingine. Simu ikashikwa juu, mtandao ukakatika kabla binti hajafika kwa Askofu, na kijana aliyeishika akasema atatuma picha baadaye. Hakuna aliyepandisha sauti. Hakuna aliyeungua vidole wala kupinda chuma cha watu. Jioni nilikwenda kumsalimia yule bibi, nikamkuta amekaa barazani na nguo yake ya kutokea, viatu miguuni, akaniuliza kama ibada imeshaanza.