Jenereta ya Bibi

Wiki iliyopita jirani yangu, mzee wa Kiswidi, alinisimamisha kwenye lifti kuniuliza anunue jenereta gani, maana siku hizi kila mtu anajiandaa umeme usije ukakatika. Nikamwaga yote niliyonayo: jumlisha kwanza vitu utakavyowasha, usinunue kubwa kwa sifa, angalia oili kila mara, ukimaliza funga bomba la petroli uiache izime yenyewe ili kabureta isizibe, na usithubutu kuiwasha ndani, moshi wake unaua. Akanitazama kama fundi. Hakujua kwamba utoto wangu wote wa Vårby gård, mtaa tulioishi hukuhuku Uswidi, unanukia petroli.

Baba aliinunua nikiwa na miaka saba. Haikuwa ya kwetu, maana kwetu umeme haukukatika hata siku moja. Ilikuwa ya Bibi, mama yake, aliyekuwa Kigoma akiwauzia watoto wa shule barafu za ukwaju. Umeme ukikatika siku mbili, friza lote linageuka maji, na yeye anabaki mikono mitupu. Baba alizunguka madukani majuma mazima akitafuta itakayolimudu friza linapoanza kuwaka, kwa sababu hapo ndipo jenereta ndogo huzimika. Akaipata. Mama akamuuliza inaondoka lini.

"Nitaipeleka mwenyewe," Baba akasema. "Nikiituma tu, nani atamfundisha mama kuiwasha?"

Sasa mashine ya namna ile ikikaa bure inaharibika. Basi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tuliipakia kwenye kitoroli, tukaisukuma hadi ufukweni mwa ziwa, mbali na madirisha ya watu. Baba anavuta kamba mara tatu, ya nne inakubali. Mama anachomeka birika la umeme ili mashine ibebe mzigo, tunakunywa chai ya tangawizi na maandazi katikati ya theluji, na Waswidi wanatupita na mbwa wao, kwa adabu, bila kuuliza. Nilikuwa naona aibu, sikufichi. Leo ningetoa chochote nipate kikombe kimoja cha chai ile.

Halafu Baba anampigia Bibi na kuisogeza simu karibu na mashine.

"Naisikia, mwanangu," Bibi anasema. "Inaunguruma vizuri. Mnakuja lini?"

"Mwakani, mama, tukijaliwa."

Mwakani hiyo ilichukua miaka sita. Mara likizo fupi, mara kazi, mara shule zetu. Bibi alipofariki, Baba aliondoka na begi moja tu, kwani ndege haipakii mashine iliyokwishatiwa petroli. Aliporudi alituambia jambo moja: nyuma ya nyumba Bibi alikuwa amejengesha kibanda cha mabati, jenereta isije ikanyeshewa, na kilikuwa kimefagiliwa.

Jumamosi ya kwanza ilipofika tulikwenda ziwani kama kawaida. Siku hiyo ikawaka kwa mvuto mmoja. Baba akatoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Chai ikapoa hakuna aliyeigusa. Hatukwenda tena.

Jirani yangu, kabla hajashuka, aliniuliza kama namjua mtu anayeuza iliyotumika. Ninayo moja, chini, stoo kwangu, haijawahi kuwasha friza la mtu yeyote. Nikamwambia simjui.