Chebunyo, Samaki Asiye na Nzi Hanunuliwi

Jua la saa nne limeanza kuuma katika soko la Chebunyo, na Dorcus Mongina anabishana na mteja kuhusu nzi.

Mteja, mwanamke aliyejifunga kitambaa cha kijani kichwani, anafunua neti nyeupe iliyotandazwa juu ya meza. Anamwinua samaki mmoja, ngege, kwa mkia, anamgeuza, anamrudisha. Samaki ni wa baridi, jicho lake linang'aa, mashavu bado ni mekundu. Anataka kujua mbona hakuna hata nzi mmoja.

"Ni mimi nimewafukuza," Mongina anamwambia.

"Ama wamekimbia dawa," mteja anajibu, na kuvuka hadi meza ya pili. Huko samaki wamelala juani tangu asubuhi, wamefunikwa na nzi kama waliomwagiwa pilipili manga. Ananunua wawili na kuondoka bila kugeuka.

Mongina anaikunja neti, anaikunjua tena, anaitandaza upya juu ya samaki.

"Nimeosha hii meza kwa maji moto, nimenunua barafu, nimefunika," anasema. "Na bado mimi ndiye ninaitwa muuaji."

Haya yalianza na video iliyozunguka kwenye simu za watu. Ndani yake, mtu asiyeonekana uso anapulizia samaki kitu kutoka kwenye chupa, na sauti inasema ni dawa ya mochari, ile inayotumiwa kuhifadhi maiti. Hakuna ajuaye ilipigwa wapi. Lakini kufikia siku ya soko iliyofuata, kila mtu Chebunyo alikuwa na kipimo chake: nzi wakitua, samaki ni salama, wakikaa mbali, ana dawa.

Kwamba nzi pia hukimbia barafu, hakuna aliyetaka kusikia.

Mongina alifika pande hizi akimfuata mumewe, Ogoti, aliyekuwa akichuma majani chai katika shamba moja kubwa huko Kericho. Mashine za kuchuma zilipoletwa, Ogoti aliachishwa kazi pamoja na wenzake, na nyumba ya kambini ikaenda nayo. Walikodi chumba Chebunyo, naye Mongina akaanza kuuza samaki mahali ambapo watu walikuwa na ng'ombe, maziwa na mahindi, na hamu yoyote ya samaki hawakuwa nayo.

"Walikuwa wanasema hiyo ni nyoka ya maji," anakumbuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Mzee mmoja aliniuliza kama huyo mnyama ana miguu, ama tumeikata."

Hakubishana nao. Aliweka karai pembeni ya meza, akakaanga vipande vidogo, akawapa bure. Wa kwanza kuonja alikuwa Cherotich, ajuza wa huko juu kwenye mazizi ya mnada wa ng'ombe, ambaye Mongina humwita Kogo, yaani nyanya. Cherotich alitafuna kwa muda mrefu huku wanawake wenzake wakimtazama kama anayejaribu sumu. Kisha akaomba kingine. Miaka ikapita hivyo, kipande kwa kipande, mpaka Mongina akawa anamaliza kasha zima kabla ya adhuhuri.

Sasa jioni hurudi na zaidi ya nusu.

Na si wateja tu. Afisa wa afya hupita na kuonya kuwa meza itakayokutwa na nzi itafungwa. Mongina anaigiza sauti ya afisa, kisha ya mteja, na hasira yake inapanda kwa kila neno.

"Huyu ananiambia nzi ni kipindupindu. Yule ananiambia nzi ndiyo cheti. Nimfuate nani? Wote wawili hawajui kama samaki yangu iko na dawa. Hakuna mtu amewahi kupima. Hata mmoja."

Mwezi uliopita alikata tamaa, akafanya jambo ambalo hadi leo halisimulii bila kuinamisha macho. Aliitoa neti. Alipanga samaki juani, akawaacha nzi watue.

Watu walinunua. Cherotich naye alikuja na kikapu chake, akatabasamu, akamwita kwa jina la bintiye, akasema, "Mama Velma, leo sasa umeniletea samaki." Akachagua yule aliyekuwa na nzi wengi zaidi.

Mongina alimtazama akitokomea kati ya ng'ombe wa mnada. Halafu akachukua samaki mwingine kutoka chini ya barafu, akaiacha meza bila mtu, akamkimbilia ili ambadilishie.

Ajuza alikasirika. Aliuliza tangu lini mtu akanyang'anywa chakula njiani. Mongina akamwambia ukweli: samaki huyo ameanikwa makusudi, nzi wamemchezea tangu asubuhi ili yeye Kogo apate kununua, na anaweza kuwaharisha yeye na wajukuu wake.

Cherotich alimwangalia yule wa barafu. Aliuliza swali moja tu.

"Na huyu, wewe mwenyewe unajua hana dawa?"

Mongina hakujua.

"Hapo ndipo nilijichukia," anasema. "Nilikuwa nakasirikia watu kwa kuniuliza kitu ambacho hata mimi sikuwa nimeuliza."

Siku iliyofuata aliweka ngege mmoja kwenye kikapu cha barafu na kwenda naye hadi ofisi inayosimamia usalama wa vyakula. Aliambiwa hawana vifaa vya kupima, kwamba maabara iko Nairobi na gharama ni juu yake. Afisa wa hapo alimshauri awaambie wateja wapike samaki mpaka aive vizuri. Mongina akauliza kama dawa ya mochari huisha kwa kuchemshwa. Afisa akasema barafu inamwagikia sakafu, hebu atoe hicho kikapu nje.

"Hicho tu ndicho aliona," Mongina anasema. "Sakafu."

Alimgeukia Onyiego, dereva anayemletea samaki kutoka ziwani. Onyiego alicheka, akamwambia auze tu, ya wazungu awaachie wazungu. Lakini alipobanwa alikiri kwamba yeye hupakia makasha yakiwa yameshafungwa. Nani huyafunga, na anatia nini, hajawahi kuona.

Ndipo Mongina akaamua. Jumatatu ijayo ataingia kwenye gari hilo, aende asimame pale mitumbwi inapoteremsha samaki, atazame kila mkono utakaowagusa mpaka kasha lifungwe. Onyiego alikataa, akidai gari lake si la abiria. Mongina akamwambia basi atafute meza nyingine ya kushusha mzigo. Wauzaji wawili wa soko jirani la Siongiroi walipompigia Onyiego simu kusema hivyo hivyo, nafasi ikapatikana.

Nafasi mbili, kwa kweli. Cherotich anakwenda pia.

Hilo lilikuwa wazo la Mongina. Anasema akirudi peke yake na habari njema, nani atamwamini? Muuza samaki atasifu samaki. Kogo hana cha kuuza, na akisema jambo pale mnadani, wanaume huacha kupigania bei wakamsikiliza. Ajuza hajawahi kuliona ziwa. Ameshauliza mara kadhaa kama ni kubwa kulishinda bwawa la ng'ombe, na kama atapata mahali pa kukalia.

Mongina anajua kwamba kutazama si kupima, na kwamba kuna sumu isiyoonekana kwa macho. Anataka kuanzia hapo, halafu wauzaji wachange pamoja wapeleke samaki Nairobi, ofisi itake isitake.

Na je, akikuta kweli kuna anayepulizia?

Anaifunika meza, anaibana neti kwa mawe pembe zote nne.

"Nitasimama hapa hapa niseme kwa mdomo yangu, hata kama ndiyo mwisho. Meza ni mbao, nitauza hata mboga za sukuma." Anamfukuza nzi aliyetua juu ya neti. "Lakini Kogo alikula kwa sababu mimi nilimwambia akule."