Niliweka pin kwenye chanzo cha maji ya Rukanga, akaadhibiwa mtu mwingine

Wakuu, salamu kutoka Voi, mtaa wa Kaloleni. Haya yamenipata mwenyewe na sitajipaka rangi. Kama kuna mtu wa Rukanga anasoma hapa, anaweza kunisahihisha, maana alikuwepo nikiaibika.

Kwa wiki tatu swali moja lilininyima usingizi. Umefanya kosa. Hakuna mtu duniani anajua ni wewe. Na kuna mtu mwingine ameshaadhibiwa kwa hilo kosa. Unasema ama unanyamaza?

Najua wengi mna jibu tayari. Hata mimi ningemjibu mtu kwa sekunde mbili, kama swali lingekuwa lake.

Mnijue kidogo kwanza. Nina degree ya utalii na sina kazi. Pia mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Ukinijibu "sawa" kwenye simu, basi, bila neno lingine, nitakaa saa nzima nikijiuliza nimekukosea nini.

Baba alitoka magharibi akaja Voi kwa kazi ya reli. Mama ni wa Rukanga, kule chini ya mlima Kasigau. Likizo zangu zote za utotoni nilizimalizia huko kwa nyanya. Kaka yake mama, mjomba Mwasaru, ndiye fundi wa bomba la maji ya kijiji.

Sasa, ukiishi Voi unazungukwa na milima. Hata ukifua nguo unauona mmoja. Lakini Jumapili ikifika watu wa mtaa wetu wanakaa kwa veranda wanaangalia video za watu wengine wakipanda milima ya nchi zingine.

Nikaona hapo kuna kazi yangu. Nianzishe matembezi ya wikendi kwa watu wa hapa hapa. Tuanze na kilima cha Mwakingali asubuhi, watu wazoee, halafu siku moja tuende Kasigau, kule juu kwenye msitu wa ukungu.

Nilijiandaa vibaya sana, yaani kwa wingi. Nilikuwa na orodha ya nyoka. Orodha ya dawa za nyoka. Filimbi. Mpango wa mvua, mpango wa jua, na mpango wa mtu akigombana na mpenzi wake njiani. (Msicheke, hiyo ilitokea Mwakingali.)

Sikuwaza maji. Hilo ndilo lililonimaliza.

Miezi miwili kabla ya safari niliyopanga, nilienda na rafiki yangu kupima njia ya Kasigau. Hatukupita kwa mjomba kwanza. Nilitaka kumshangaza mambo yakiwa tayari. Tukapanda kwa upande wa nyuma ya mashamba, simu inachora njia.

Karibu saa tano tukafika mahali pana mwamba na majani ya jimbi, na chini yake maji yametulia, safi hadi unaona mchanga. Mbele kulikuwa na ukuta mdogo wa mawe umeota kuvu. Nikamwambia rafiki yangu, ona vijana wa hapa wamejengea wageni mahali pa kuogelea.

Nikavua viatu, nikaingiza miguu. Nikapiga picha.

Kuna app moja ya watembeaji ambapo mtu anaweka njia yake na wengine wanaifuata. Niliweka njia nzima, na pale kwenye maji nikaweka pin, ile alama ya mahali kwenye ramani. Nikaipa jina "Bwawa la asili, kuogelea ruhusa". Nani aliniruhusu? Hakuna. Jina langu kwenye app si langu halisi, ni la paka wetu na namba mbili.

Wiki mbili baadaye, nilikuwa nakatakata sukuma wiki jikoni, mama akiongea na mjomba kwa simu, spika imefunguliwa kwa sababu mama hawezi kuongea na simu na kugeuza chapati bila spika.

Mjomba alikuwa amechoka hadi sauti. Alisema kijiji hakina maji siku ya tano. Kikundi cha wageni kilipanda mlima Jumapili, kikaogelea kwenye chanzo, tena na sabuni. Walitoa chujio mdomoni mwa bomba ili wapate mahali pa kina pa kurukia, hawakulirudisha. Mchanga na majani vikaingia kwa bomba vikashuka hadi chini. Ilibidi alifungue kipande kwa kipande akitafuta pameziba wapi.

"Na watoto?" mama akauliza.

"Wanaenda shule na mitungi. Walimu wamesema kila mmoja aje na maji yake."

"Ni nani aliwapeleka hao wageni?"

"Nani mwingine? Ni Nyambu. Yeye ndiye hupeleka watu juu. Anakataa, lakini kamati ya maji imemsimamisha. Hapandi tena na mgeni hadi tuone."

Niliweka kisu chini.

Nilijua kabla sijafungua simu. Nikafungua. Chini ya pin yangu kulikuwa na nyota tano na maneno ya mtu wa Mombasa: "Tumefuata pin tu, hata guide hatukuhitaji. Maji matamu!"

Wakuu, hayo maneno yalikuwa ushahidi kamili kwamba Nyambu hakuwa na hatia. Mtu mwenye akili angepiga picha ya skrini akamtumia mjomba hapo hapo.

Mimi nilibonyeza futa.

Sikufikiria. Mtu anayewaza kila kitu, dakika ya kuwaza ilipofika sikuwaza. Pin ikapotea pamoja na njia nzima, na maoni yote chini yake yakapotea nayo. Sasa hakukuwa na kitu cha kumtetea Nyambu isipokuwa mdomo wangu.

Hapo ndipo wiki tatu zilianza.

Nilijipa sababu nzuri nzuri. Kwamba watasahau. Kwamba Nyambu atarudishwa tu, si anajulikana. Kwamba nikisema, mjomba ataaibika mbele ya kamati yake. Kwamba nikisema, matembezi yangu ya Kasigau yamekufa kabla hayajazaliwa, kwa sababu nani atakuruhusu kuleta watu kwenye mlima uliouharibia maji? Na watu kumi na wanane walikuwa wameshajiandikisha.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa sababu ya kweli. Zingine zilikuwa nguo zake.

Jumanne moja nilienda Rukanga. Nilimwambia mama naenda kumsalimia nyanya. Nilipanga kwenda moja kwa moja kwa mjomba.

Nilimkuta Nyambu kando ya barabara akiziba tairi la pikipiki ya mtu. Ni kijana wa miaka kama thelathini, mrefu, anajua kila mti wa ule mlima kwa jina la Kitaita na la kitabu. Alinijua tangu tukiwa wadogo.

"Mtoto wa reli!" akaniita. "Umekuja kupanda mlima? Umechelewa. Mimi nimesimamishwa kama mwanafunzi aliyepatikana na sigara."

"Nimesikia," nikasema.

"Umesikia nini? Kwamba nimeleta watu kuoga kwenye maji ninayokunywa? Mamangu mwenyewe ananiuliza, Nyambu, uliwaonyesha? Mamangu!" Akacheka, lakini hakuinua macho kutoka kwa lile tairi. "Wazungu wawili walikuwa waje wiki jana kuangalia ndege. Wamepelekwa mlima mwingine."

Huo ndio ulikuwa wakati. Mdomo ulifunguka kabisa.

Nikasema, "Pole sana."

Halafu nikaenda kwa nyanya, nikanywa chai, nikarudi Voi.

Nimewahi kufeli mtihani, nimewahi kuachwa na mtu, lakini sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia kwenye ile barabara ya kutokea Rukanga hadi Maungu. Kwa sababu ile pole ilikuwa ya kweli, na bado ilikuwa uongo.

Nilipofika Maungu nikampigia mjomba kabla sijapata nafasi ya kuwaza. Nikamuuliza kamati inakaa lini.

"Jumamosi asubuhi, hapo kwa tangi. Kwa nini?"

"Nina jambo la kuwaambia."

"Mghoi, ni jambo la kuniambia mimi kwanza?"

Nikamwambia. Yote, nimesimama kando ya barabara kuu, malori yanapita, nikirudia maneno kwa sababu hasikii vizuri. Jaribuni kukiri kosa mara mbili kwa sauti ya juu.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Njoo Jumamosi. Useme mwenyewe. Mimi sitakusemea." Akakata.

Jumamosi nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili. Walikuwa watu kama ishirini, wamekaa kwenye mawe na viti vya plastiki chini ya tangi. Mwenyekiti ni mama mmoja, Wakesho, anayeuza mboga sokoni na hana muda wa kupoteza. Nyambu alisimama nyuma, mikono kifuani.

Nilisoma sentensi moja ya utangulizi na Mama Wakesho akanikatiza.

"Dada, hiyo karatasi ni ndefu. Umefanya nini?"

Nikakunja karatasi. Nikasema: "Wageni waliokuja hawakuletwa na Nyambu. Waliletwa na mimi, bila kuwajua. Niliweka chanzo chenu kwenye ramani ya simu nikaandika ni pa kuogelea. Nilipojua, nilifuta nikanyamaza. Nyambu ameadhibiwa kwa ajili yangu wiki tatu."

Mzee mmoja akauliza kama mimi mwenyewe niliogelea.

"Niliingiza miguu tu."

"Kwa hivyo ulioshea miguu ndani ya sufuria yetu," akasema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na watu wakaanza kuguna. Si kuguna kuzuri.

Mjomba Mwasaru akasimama. Nilidhani anakuja kunitetea.

"Mpwa wangu, umekunywa maji ya hapa tangu ukiwa mtoto. Ulikuwa ukidhani yanatoka wapi?"

Nilijibu ukweli, sikuwa na kitu kingine. "Kwa mfereji wa pale kwa nyanya."

Wakacheka. Wakacheka hadi yule mama wa mtoto akajifuta macho. Hata mimi ningecheka kama si machozi yaliyokuwa yamenijaa. Nina degree ya utalii, niliandika kurasa arobaini kuhusu jamii na rasilimali, na sikuwahi kumuuliza mjomba wangu wa damu, fundi wa bomba, bomba linaanzia wapi.

Mama Wakesho peke yake hakucheka. Akamgeukia Nyambu, akasema mbele ya wote kwamba kamati ilimkosea na kuanzia leo kazi yake ni yake. Akamuuliza kama ana la kusema.

Nyambu aliniangalia mimi. "Ulinikuta pale na tairi. Ukaniambia pole."

"Ndiyo."

"Ungeniambia tu. Ningekukasirikia siku moja, ikaisha."

Hatujarudi kuwa kama zamani na silazimishi.

Adhabu? Kamati haikunipa. Walisema tu kwamba mgeni yeyote asipite tangi la pili, lile la juu kwenye njia ya mlima, bila mtu wa kijiji, na kwamba chanzo kinahitaji kifuniko cha zege, lakini mchanga na saruji havipandi mlima vyenyewe.

Nilirudi Voi na jioni hiyo hiyo nikawaandikia wale watu kumi na wanane. Nikawaeleza nilichofanya, kama nilivyowaeleza ninyi. Nikasema safari ya kwenda kupiga picha juu ya Kasigau imefutwa. Nikasema mimi naenda Jumamosi ijayo kubeba mchanga, na anayetaka kuja aje na gunia na maji yake ya kunywa.

Sikukaa nikihesabu nani atajibu. Nilizima simu nikalala.

Walikuja saba. Wengine kumi na mmoja walitaka matembezi, hawakutaka mchanga, na siwalaumu. Nyambu alituongoza. Kila tulipopumzika alitufundisha mti mmoja, kwa sauti ya mtu ambaye bado amekasirika lakini hawezi kujizuia. Nilipanda mara tatu. Safari ya tatu mama wa mtoto mgongoni alinipita na gunia kubwa kuliko langu, akaniuliza kama nataka anibebe na mimi.

Nimesharudisha njia kwenye app, kwa jina langu halisi. Inaishia tangi la pili. Hapo nimeandika: kuanzia hapa ni nyumbani kwa watu, uliza kijijini. Kama matembezi yangu yatakufa kwa sababu ya hiyo sentensi, basi yafe. Jumamosi inayokuja tunapanda tena, kifuniko bado hakijaisha.

Nilichojifunza: mimi nilidhani shida yangu ni kuwaza sana. Si kweli. Nilikuwa nawaza sana kuhusu mimi. Ningewaza dakika mbili tu kuhusu Nyambu, ningesema siku ile ile ya chapati.

Sasa, jambo lililonifanya niandike hapa. Kufuta pin kwangu hakufuti kwenye simu za watu waliokwisha kuipakua. Njia ile ya zamani bado inatembea huko nje, na yale maneno ya ruhusa. Kama umewahi kuipakua, njia ya Kasigau upande wa Rukanga yenye bwawa, tafadhali ifute leo, na umwambie uliyemtumia.

Maoni yako wazi, hata ya kunisema. Na kama na wewe umewahi kuweka pin kwenye maji ya watu bila kuuliza, sema ni wapi, tukaombe radhi pamoja.